Nani Aliufunga Ukuta wa Barafu?

Sogeeni, jamani, na vitunguu vyenu na visu vyenu. Hadithi ya leo haitaki watu wa kuitikia tu, inataka watu wa kujibu. Atakayeona jibu litamshinda ahame mapema, aende kule kwa wakuna nazi, wala sitamsema.

Tangu mfike arusini mnanong'ona juu ya ile X nyekundu pale ukutani. Eti Saumu, arusi ya mwanao, umekosa hata kopo la rangi? Sikukosa. Rangi ninayo uvunguni, ndoo nzima. Ile X waliichora watu wa halmashauri, na maana yake nyumba hii ibomolewe, pamoja na nyingine thelathini za mtaa wetu wa Kisimani. Leo mnakatia vitunguu ndani ya nyumba iliyokwisha kuhukumiwa. Haikubomolewa kwa sababu watu watatu walikataa, na kesho baada ya alasiri mimi, mjumbe wa mtaa, natakiwa niandike jina la mmoja wao. Mmoja tu. Ndiyo maana nawasimulia ninyi, mliotoka mbali na msio na undugu na yeyote kati yao.

Wa kwanza ni Hidaya Ngwali, mhandisi, binti wa Kipemba, mdogo wa umbo, akizungumza utadhani anaomba radhi. Alichojaliwa yeye ni kuijenga ardhi ndani ya kompyuta. Mpe mchanga wako, maji yako na joto la jua lako, atavipanga tabaka kwa tabaka kwenye kioo, halafu ataipitishia ardhi hiyo siku arobaini kwa muda ambao wewe unachemsha maharage. Kitakachotokea huku chini mwezi ujao, yeye kule ameshakiona.

Wa pili ni Bi Tunu, mtunza kisima. Kisima hicho ndicho kilichoupa mtaa jina. Ni wakfu. Bibi mmoja wa zamani alikichimba kwa ajili ya Mungu na akaandikisha sharti moja, kwamba maji yake asinyimwe mtu hata siku moja. Bi Tunu alimwapia Mungu kulishika sharti hilo, na amekaa na ufunguo miaka thelathini na moja, katika chumba kilicho ubavuni mwa kisima, na chumba chenyewe ni cha wakfu. Alichojaliwa yeye ni ulimi. Akionja maji atakwambia mvua imenyesha upande gani, chumvi ya bahari imesogea kiasi gani, na nani amechimba choo karibu.

Wa tatu ni fundi Mhina, mtu wa Muheza, aliyezeekea kwenye kiwanda cha barafu ya samaki mpaka kiwanda kikafungwa. Alichojaliwa yeye ni mkono. Akilishika bomba anajua ndani kuna baridi ya kiasi gani, na mashine ikitaka kuharibika anaijua siku mbili kabla.

Haya. Mtaa wetu kila masika unajaa maji mpaka vitandani. Halmashauri ikaamua kujenga kituo cha kuyasukuma maji ya mvua, na pampu zenyewe zikae kwenye shimo la mita kumi na tano kwenda chini. Kampuni ikaja ikachimba. Mchanga wetu umejaa maji, ukiuchimba leo, kesho umejifukia. Wakachimba mara ya pili, ukajifukia tena na kumeza ngazi na majembe. Meneja wa kazi, bwana mmoja aitwaye Luvanda, akasema dawa ni kuchimba shimo pana sana lenye kingo za kulala, na nafasi ya shimo hilo ipatikane kwa kuondoa nyumba thelathini na moja. Ndipo zikaja X. Mimi nilikuwa naanika nguo, mchoraji akaniomba kwa adabu nisogeze shuka apate ukuta.

Hidaya ndiye aliyesema ipo njia nyingine, ardhi igandishwe. Yachomekwe mabomba thelathini na sita kwa duara. Ndani yake yazungushwe maji ya chumvi yaliyopozwa nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri, kwa kuwa maji ya chumvi hayagandi upesi. Mchanga uliolowa ugande kulizunguka kila bomba, mpaka barafu ya bomba hili ikutane na barafu ya bomba lile, uwe ukuta wa duara kwenda chini. Hapo uchimbe katikati, na hakuna mchanga utakaokufuata. Tulicheka, sitasema uongo. Mji huu ukimnunulia mtoto lambalamba hafiki nayo nyumbani. Mhina hakucheka. Alisema kiwandani walikuwa wakigandisha mapande ya barafu kwa maji hayohayo ya chumvi baridi, na siku ileile akaomba kazi ya mashine.

Halmashauri ikatoa siku arobaini. Ukuta ukifunga ndani ya siku hizo, nyumba zinabaki. Usipofunga, siku ya arobaini na moja katapila zinaingia mtaani. Kompyuta ya Hidaya ilisema utafunga siku ya thelathini na mbili. Katikati ya duara waliacha bomba moja wazi, tukaambiwa ukuta ukishafunga, maji yaliyobanwa ndani yatakosa pa kwenda, yatapanda na kumwagika juu ya bomba hilo. Basi mtaa mzima tukawa walinzi wa bomba. Mtu akienda sokoni anapitia uzioni kuchungulia, akirudi anachungulia tena.

Siku ya thelathini na mbili bomba kavu. Ya thelathini na tatu kavu. Vipima joto vilivyozikwa ardhini vilionyesha mahali pamoja tu palipokataa kuganda, kati ya bomba la kumi na moja na la kumi na mbili, upana wa mlango. Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakutuambia ufa wa chini ya ardhi unazibwaje. Luvanda hakutaka kungoja. Aliandaa barua ya kusema udongo wa Kisimani haufai kugandishwa, akampelekea Hidaya atie sahihi.

Hidaya akakataa. Alisema, kwa sauti yake ileile ya kuomba radhi, "Udongo haujakataa. Kuna kitu sijakijua, na mimi sitii sahihi kwenye kitu nisichokijua." Luvanda akamwambia basi atafute kazi kwingine. Hidaya akabeba kompyuta yake, akaja kukaa kibarazani kwangu, siku mbili, na hakula mpaka nilipomgombeza. Badala ya kuiuliza ile ardhi itakuwaje, sasa aliiuliza kinyume: kitu gani kikiwepo, ndipo ardhi ifanane na hii iliyotukatalia? Akaongeza jua, haikufanana. Akaongeza chumvi, wapi. Akayafanya maji ya chini yatembee, yapite kwenye duara kwenda upande mmoja, na papo hapo mlango ukafunguka kati ya bomba la kumi na moja na la kumi na mbili. Maji yanayotembea hayatulii yakaganda. Kompyuta ikamwonyesha mpaka yanakokwenda, hatua tisini nje ya uzio, mahali panaponyonya tangu alfajiri hadi magharibi. Kwenye ramani mahali hapo palikuwa peupe. Akampelekea Luvanda kulekule kazini, naye akasema kompyuta inaota. Hidaya akatoka getini akihesabu hatua kwa sauti, mimi nikimfuata. Akampita muuza mkaa, akapita nyuma ya msikiti, na hatua ya tisini ikamfikisha mbele ya mota ya kisima cha Bi Tunu.

Naona mnatazamana. Kisima cha karne nzima kitakosekanaje kwenye ramani? Kwa sababu yangu. Mpima ramani alipopita mtaani alikuwa na fomu, na fomu ilikuwa na mstari wa jina la mwenye kisima. Nikamjibu kama wazee walivyotufundisha, kisima hiki hakina mwenyewe, ni cha Mungu. Nikajiona nimejibu vizuri. Yule bwana akauacha mstari mtupu, na kule ofisini kisima kisicho na mwenyewe kikahesabiwa hakipo.

Sasa tuje kwa Bi Tunu. Hidaya alimwomba azime mota siku saba. Bi Tunu akateka maji kwa kata, akaonja, akaonja tena. Akasema wiki mbili hizi ameyaona maji yanakuja na ubaridi asioujua, akadhani ni uzee wa meno. Akaamini. Lakini kuamini si kuzima. Kamati ya wakfu ikaitana siku hiyohiyo, ikamwambia kumnyima mtu maji hata siku moja ni kuvunja sharti, na mtunza atakayelivunja atarudisha ufunguo na chumba. Aliwasikiliza hadi wakamaliza wote.

"Wakfu huu ni wa watu wa mtaa," akawaambia. "Watu wakibomolewa wakaondoka, nitamtekea nani? Kama kuna dhambi, iandikeni kwangu."

Akazima mota. Akafunika kisima, akatia kufuli mbili, akaketi juu ya mfuniko. Ilikuwa siku ya thelathini na sita. Siku saba tulinunua maji ya mkokoteni kutoka mbali, tukapigana foleni, tukaoga kikombe. Watu walimmwagia maji ya sabuni mlangoni pake. Na kuna mwanamke mmoja alisimama mbele ya kadamnasi akamwita mla wakfu. Mwanamke huyo mnamtazama. Sikuamini kwamba mota iliyo umbali wa hatua tisini inaweza kuizuia barafu isigande, nilikuwa na kiu, nilikuwa na hofu, na bado ilikuwa dhuluma.  Bi Tunu alisogeza kanga yake tu isipate tope.

Na fundi Mhina? Siku ya arobaini, adhuhuri, mlango ulikuwa umekwisha kuwa dirisha dogo. Hidaya alikuwa amepiga hesabu kwamba zinatakiwa siku tatu zaidi. Siku tatu hazikuwepo. Luvanda akaja kwenye kibanda cha mashine na karatasi, muda unakwisha leo, zima. Mhina akasema hazimi.

"Nimezima mashine mara moja tu kwa amri ya mtu," alisema, "siku walipofunga kiwanda. Barafu yote ikaishia mtaroni mbele ya macho yangu. Mimi sizimi tena."

Akajifungia ndani. Luvanda akamwachisha kazi kupitia dirishani. Mhina akaipokea barua kwa mkono mmoja, mkono wa pili umelishika bomba. Kisha umeme ukakatwa kutoka nje, na katika mashine mbili ikabaki moja tu, ile ya jenereta, tena mafuta yake ni ya kuhesabu. Baridi ikawa nusu. Mtu mwingine angeigawa nusu hiyo kwa mabomba yote thelathini na sita, na isingefika kokote. Mhina alijua barafu iliyokwisha kushika haina haraka ya kuyeyuka. Akafunga koki za mabomba thelathini, akaacha sita yaliyo karibu na lile dirisha, akayapelekea baridi yote iliyokuwepo. Katapila zilikuwa zimepanga mstari mwisho wa mtaa, madereva wamekaa wanakula miwa. Sheria yao wenyewe ya usalama inakataza kubomoa mahali ambapo mashine ya baridi inafanya kazi. Kwa hiyo ilimradi inanguruma, wao wanangoja. Siku mbili nzima ilinguruma, na mwenyewe hakutoka hata kwa chakula, alipenyezewa uji dirishani.

Siku ya arobaini na mbili, saa nne asubuhi, nilikuwa uzioni nachambua mchele kwenye ungo, kwa kuwa kukaa nyumbani kulikuwa kumenishinda. Nikaona mdomo wa bomba la katikati umelowa. Nikadhani macho. Kisha tone, kisha jingine, kisha maji yakapanda yakamwagika pande zote. Mchele niliumwaga wote. Nilipiga kelele bomba limetapika, limetapika, na mtaa wote ukaja mbio, wazee na wagonjwa, hata wale madereva na miwa yao. Mhina alifungua mlango wa kibanda, akatazama, akaurudisha, kwa sababu mashine bado ilitaka mtu. Hidaya aliketi chini kwenye mchanga akalia. Bi Tunu hakuja. Alikuwa bado amekalia mfuniko wake, maana siku saba zilikuwa hazijatimia.

Mhandisi wa halmashauri aliitwa akapima mwenyewe, akaandika kwamba ukuta umefunga, na ingawa siku mbili zimezidi, kazi iendelee na nyumba zibaki. Walipofika chini mita kumi na tano walituruhusu wachache tuteremke kuangalia. Mchanga wetu uleule umesimama wima, mweupe kwa barafu. Niliutia kiganja, nikautoa mbio, ukaniachia ganzi mpaka jioni. Kisima kilifunguliwa na maji yakarudi kama kawaida. Masika iliyopita pampu zilikuwa zimeshaanza kusukuma, hatukupandisha kitanda juu ya matofali. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawa watatu hawakusikia la mkuu hata mmoja, na leo mnakula pilau kwangu.

Lakini guu walivunjika, kwa namna nyingine. Hidaya kampuni ilimtoa na barua ya kusema ni mkaidi, kila anakopeleka maombi barua imemtangulia, na sasa anachaji watu simu kwenye kibanda cha shangazi yake. Bi Tunu kamati ilimnyang'anya ufunguo jioni ileile ya siku ya saba, na chumba chake cha miaka thelathini na moja. Analala sebuleni kwa mdogo wake. Mhina hakurudishwa kazini. Anazunguka na baiskeli akitafuta friji mbovu, na umri wake si wa baiskeli.

Na sasa kituo kimekamilika. Kinataka msimamizi mmoja, mwenye mshahara wa kudumu na nyumba ndogo palepale uani. Halmashauri imesema kwa kuwa mtaa ulisumbuka, mtaa upendekeze jina. Ikaletwa fomu. Kwenye fomu kuna mstari mmoja.

Tumekutana mara mbili, na mara zote mbili tumegawanyika mafungu matatu sawasawa. Fungu moja linasema ni Hidaya, maana bila yeye Bi Tunu angeendelea kuteka na Mhina angeendelea kupoza mpaka Kiyama, na hakuna ambaye angejua kasoro ni nini. Fungu la pili linasema ni Bi Tunu, maana kujua ugonjwa si kuuponya, na yeye peke yake ndiye aliyetoa kitu alichomwapia Mungu. Fungu la tatu linasema ni Mhina, maana wale wawili walikuwa wamekwisha kumaliza yao na katapila zikawa bado mlangoni. Aliyezizuia ni mtu mmoja kibandani. Nikawaambia wenzangu, basi tuwaulize wenyewe, pengine mmoja atampisha mwenziwe. Nikawaendea. Hidaya alisema anaitaka. Bi Tunu alisema anaitaka. Mhina alisema anaitaka, tena kesho. Nikawapenda zaidi wote watatu, na nikarudi nyumbani nikiwa taabuni kuliko nilivyokwenda.

Msiniambie kidole kimoja hakivunji chawa. Najua, tena nimekwenda mpaka ofisini kuwaambia. Niliomba mistari mitatu, wakasema fomu ndivyo ilivyochapwa. Wala mtu asinishauri niirudishe tupu kwa heshima ya wote. Ikirudi tupu, kampuni inaweka mtu wake, na bwana Luvanda ameshaulizia kama nyumba ile ya uani ina tangi la maji. Mimi niliwahi kuuacha mstari mtupu nikijiona nina adabu, na adabu hiyo nusura itugharimu nyumba thelathini na moja. Safari hii naandika. Nikishaandika ndipo nitafungua ile ndoo ya rangi, nifute X mbele ya halmashauri nzima.

Mwenyekiti wa mtaa kanipa uamuzi mimi. Mimi, niliyemkaribisha Hidaya kibarazani akala ugali wangu. Mimi, niliyemwita Bi Tunu mla wakfu na sijapata ubavu wa kumwomba radhi. Mimi, niliyempenyezea Mhina uji dirishani. Nikiandika lolote, watu watasema nimeandika kwa mapenzi au kwa aibu, na mimi mwenyewe sina hakika kwamba watakuwa wamekosea.

Fomu ndiyo hii, nimeifunga pembeni mwa kanga tangu Jumanne. Kalamu hii hapa. Haya wewe, uliyeacha kukata kitunguu na machozi bado yanakutoka, weka kisu chini. Mstari ni mmoja, mwisho ni kesho alasiri, na Luvanda anangoja uwe mtupu. Ungeandika jina la nani?